Fundi wa motere, tunza chombo chako nacho kitakutunza

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama na watoto mnaosoma ukurasa huu pamoja nasi, leo hatushuki mgodini. Tunakwenda garaji, mahali ambapo motere za makamio, za pampu na za umeme zinafunguliwa, zinapimwa na kufungwa upya.

Tukizungumza juu ya ajali za kazi, wengi wetu tunafikiria jiwe linaloanguka, baruti na giza la shimoni. Ni kweli. Lakini jiwe halitoki mlimani bila kamio, maji hayatoki shimoni bila pampu, na kamio na pampu haziendi bila fundi wa motere. Fundi huyo naye ana hatari zake. Nyingine zinaonekana kwa macho, kama mashine ya kunoa inayozunguka. Nyingine hazina rangi wala harufu, na hizo ndizo tunazotaka mzijue vizuri, kwa sababu hapa Goma tunazo zaidi ya miji mingine.

KWA NINI MOTERE ZETU ZINACHOKA UPESI

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilimwaga moto tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 moto ule ulipita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani. Jiwe la volkano likisagwa na magurudumu linakuwa vumbi jeusi, kali kama msasa. Filtri ya hewa ikiwa imetoboka, au bomba lake likiwa limelegea, vumbi hilo linaingia kati ya pistoni na silinda na kukwangua chuma kila pistoni inapopanda na kushuka.

Jambo la pili ni urefu wa nchi yetu. Maji ya Ziwa Kivu yako karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi. Motere ya mazuti isiyo na turbo inakosa hewa ya kutosha, inapungua nguvu na kutoa moshi mweusi. Tena maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi, si nyuzi 100 kama pwani. Kwa hiyo kofia ya radiatere ni ya lazima: inashika mgandamizo ndani ili maji yasichemke upesi. Kofia iliyolegea inaua motere. Lakini usiifungue wakati motere ina joto, maana maji yataruka na kukuunguza uso na kifua. Ngoja ipoe.

Labda mtu atauliza, motere ikifa barabarani si hasara ya kompani tu? Hapana. Kamio iliyobeba mzigo ikishuka mlima, motere ndiyo inayoendesha pampu ya hewa ya breki, na ndiyo inayosaidia usukani. Motere ikizimika ghafula, usukani unakuwa mzito, na hewa ya breki haiongezeki tena. Dereva na watu walio juu ya mzigo wanashuka wakitegemea kazi uliyoifanya wewe mezani, wiki iliyopita, ukiwa na palmeri mkononi.

VYOMBO VYA KUPIMIA

Mafundi wazuri hawasemi "naona inatosha". Wanapima. Palmeri inasoma sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wa kichwa una unene wa sehemu 5 mpaka 10 hivi za namna hiyo. Nafasi ya mafuta kati ya vilebrekini na vikombe vyake (kusine) ni ndogo namna hiyo hiyo. Ikiwa kubwa mno, mafuta yanakimbia na presha inashuka. Ikiwa ndogo mno, chuma kinashika chuma.

Kwa hiyo chombo cha kupimia hakikai pamoja na nyundo. Kifute kwa kitambaa safi, kipake mafuta kidogo, kirudishe katika sanduku lake. Usikifunge mpaka mwisho. Acha nafasi ndogo kati ya midomo yake. Kabla ya kupima, hakikisha kinarudi kwenye sifuri.

Pima chuma kikiwa baridi. Chuma cha milimita 80 kikipata joto la nyuzi 20 zaidi kinavimba karibu sehemu 2 za mia. Fundi anayepima vilebrekini iliyotoka sasa hivi kwenye maji ya moto, au iliyoachwa juani, anapima uongo. Ataisaga kupita kipimo, na chuma kilichosagwa hakirudi.

Funguo ya kupimia nguvu, ile tunayoiita dinamometriki, nayo iheshimiwe. Si ya kulegezea bulo zilizoshika kutu. Ukimaliza kazi, irudishe kwenye alama yake ya chini ili springi yake ipumzike. Ukifunga kulasi (kichwa cha motere), anza na bulo za katikati ukienda nje, kwa awamu, kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Nyuzi za bulo ziwe safi. Bulo yenye uchafu inakupa kipimo sawa kwenye funguo huku haijakaza vizuri.

Na funguo za kawaida? Ile iliyopanuka mdomo itupwe. Patasi ambayo kichwa chake kimechanua kama uyoga inoleshwe, maana ukiipiga, kipande cha chuma kinaruka na kuingia jichoni. Usiongeze bomba kwenye mkono wa funguo. Funguo ikiteleza, ni vidole vyako vinavyogonga chuma.

KUINUA NA KUNOA

Motere ya kamio ina uzito wa mamia ya kilo. Palani na mnyororo wake vikaguliwe kabla ya kila kazi: pete iliyonyooka au kupasuka, ndoano iliyofunguka mdomo, kamba ya chuma iliyokatika nyuzi, vyote viondolewe. Hakuna mtu anayepita chini ya motere iliyoning'inia, hata kwa dakika moja, hata "nichukue spana yangu tu". Kriki inainua, haishikilii. Gari likishainuliwa, weka miguu ya chuma chini yake. Usiweke matofali wala jiwe la volkano, maana linavunjika bila kuonya.

Jiwe la mashine ya kunoa lina kasi iliyoandikwa juu yake. Usilifunge kwenye mashine inayozunguka upesi kuliko kasi hiyo. Kabla ya kulifunga, ligonge kidogo kwa mpini wa mti. Likilia vizuri ni zima. Likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, litupe. Meza ya kushikilia kazi iwe karibu na jiwe, nafasi isizidi milimita 3. Ukiwasha, simama pembeni kwa dakika moja kabla ya kuanza kazi. Na miwani ya usalama iwe machoni, wala si kwenye paji la uso. Glavu za kitambaa na mikono mirefu ya salopeti vikae mbali na kila mashine inayozunguka, maana ikishika kitambaa inavuta na mkono.

KUOSHA VIPANDE

Hapa ndipo tunapofanya makosa mengi. Vijana wanapenda kuosha vipande kwa esansi kwa sababu inaondoa mafuta upesi. Esansi inatoa mvuke unaowaka hata katika baridi kali kuliko baridi yoyote ya Goma. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini kama maji mpaka unafika kwenye jiko, kwenye cheche ya mashine ya kunoa, au kwenye sigara ya mtu aliye mbali.

Sisi watu wa Goma hatuhitaji kufundishwa jambo hili na kitabu. Tarehe 21 Januari 2002, siku chache baada ya volkano, stesheni moja ya esansi mjini mwetu iliwaka na kulipuka wakati watu walikuwa wakichota mafuta karibu na mawe yaliyokuwa bado na moto. Makumi ya watu walikufa. Walikwisha kuokoka na volkano, kisha esansi ikawaua.

Osha kwa mazuti au kwa dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, katika sanduku lenye mfuniko, mahali penye hewa. Mazuti nayo inawaka, lakini si upesi kama esansi. Tena esansi ina benzini, ambayo inapita katika ngozi na mapafu na kuharibu damu. Kwa hiyo usioshe mikono kwa esansi, na usivute esansi kwa mdomo na mpira.

Kama atelie yenu ina tanki la soda kali ya kuoshea chuma, kumbukeni mambo mawili. Kwanza, soda inamwagwa polepole ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya soda, maana yatachemka na kuruka. Pili, usitie vipande vya aluminiamu humo. Soda inavila na kutoa gesi inayolipuka.

SINDANO YA MAZUTI

Tairi la kamio lina presha ya bari 8 hivi. Enjekta ya motere ya zamani inafungua kwa bari 200 hivi. Katika motere mpya presha inapita bari 1,600. Mazuti inayotoka kwa nguvu hiyo inapenya ngozi, na hata glavu, kama sindano.

Kwa hiyo usitafute uvujaji kwa kidole. Tumia kipande cha kartoni. Unapojaribu enjekta, usielekeze mdomo wake kwa mtu. Na kama mazuti imekuingia mkononi, usikubali kudanganywa na jeraha dogo. Utaona tundu dogo tu, na maumivu kidogo. Baada ya saa chache mkono unavimba, kwa sababu mazuti inaua nyama ndani. Nenda hospitali saa ile ile, umwambie daktari waziwazi: "Ni mafuta ya presha yaliyoingia." Wengi waliongoja mpaka kesho walipoteza kidole au mkono.

Hewa ya kompresa nayo si ya kujipangusia nguo wala kuchezea wenzako. Inaweza kutoboa sikio, kupofua jicho, na kuingia mwilini.

SHIMO LA GARAJI NA MAZUKU

Sasa tusikilizane vizuri. Kila mtoto wa Goma amesikia neno mazuku. Wengine wanadhani ni uchawi au pepo. Ni gesi inayotoka chini ya ardhi, katika nyufa za volkano, nayo inaitwa gesi ya kaboni (kaboni dioksidi). Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa mabondeni na mashimoni kama maji kwenye bakuli. Inajulikana sana upande wa magharibi wa mji, Bulengo, Ziwa Kijani na Mugunga, mpaka karibu na Sake. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo, inajaa. Jua na upepo vikija, inapungua. Huko Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, gesi ya namna hiyo hiyo ilitoka ghafula katika Ziwa Nyos na kuua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja.

Je, jambo hili linahusu nini garaji? Linahusu shimo lile ambalo fundi anashuka ili afanye kazi chini ya gari. Kama garaji iko mahali penye mazuku, shimo hilo ni bakuli lililo tayari. Mvuke wa esansi na moshi wa motere navyo vinaweza kujikusanya humo.

Tuchukue mfano. Garaji limefungwa Jumamosi na Jumapili. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi fundi anafika wa kwanza, anashuka shimoni amwage mafuta ya motere. Gesi ikifika sehemu 4 au 5 kwa mia ya hewa, anahema upesi na kichwa kinamwuma. Ikipita sehemu 10 kwa mia, anaanguka katika muda wa dakika chache. Ikiwa nyingi zaidi, pumzi chache zinatosha. Mwenzake anafika, anamwona amelala, anaruka chini kumwinua. Sasa wamelala wawili.

Basi, haya ndiyo masharti:

1. Msichimbe shimo la garaji mahali penye mazuku. Jengeni daraja la kupandishia gari juu ya ardhi.
2. Kama shimo lipo tayari, pimeni hewa yake kwa kifaa cha kupimia gesi ya kaboni, mkikishusha mpaka chini kabisa.
3. Kila asubuhi, kabla ya mtu kushuka, pulizeni hewa safi mpaka chini kwa feni na bomba, na feni iendelee wakati wa kazi.
4. Msishushe mshumaa wala kiberiti kupima hewa. Kama kuna mvuke wa esansi, utalipuka. Kama ni mazuku, gesi inaweza kumlegeza mtu kabla mwali haujazimika.
5. Hakuna anayeshuka peke yake. Mmoja abaki juu akimwangalia mwenzake.
6. Mwenzako akianguka, usimfuate. Piga kelele, washa feni, mvute kwa kamba au mkanda aliokwisha kuuvaa. Akifika juu, mlaze penye hewa safi. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni huku wengine wakitafuta gari la hospitali.

Na ninyi wazazi, masharti haya ni yenu pia. Msiwaache watoto kucheza katika mabonde yanayojulikana kuwa na mazuku, hasa alfajiri. Mkiona panya, ndege au mbuzi wamekufa bondeni bila jeraha, msiende kuwachukua. Anayelala chini sakafuni yuko karibu na gesi kuliko anayelala kitandani.

MOSHI WA MOTERE

Motere ikijaribiwa ndani ya atelie iliyofungwa, inatoa monoksidi ya kaboni. Gesi hii inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na mtu anasinzia bila kujua kwamba anakufa. Jaribuni motere nje, au mtoe moshi kwa bomba mpaka nje. Vivyo hivyo nyumbani: jenereta haiwashwi ndani ya nyumba wala kwenye baraza lililofungwa.

Moshi wa mazuti una hatari nyingine, ya polepole. Mwezi Machi 2012 ilitangazwa kazi ya wataalamu wa Marekani waliofuatilia wafanyakazi 12,315 wa migodi 8 ya nchi yao. Waliona kwamba waliopumua moshi mwingi wa mazuti walikufa zaidi kwa kansa ya mapafu. Mwezi Juni mwaka ule ule, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi huo katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Kwa hiyo motere inayotoa moshi mweusi isirudishwe shimoni "mpaka mwisho wa mwezi". Filtri safi na enjekta nzuri ni dawa ya mapafu ya mchimbaji.

USILETE GARAJI NYUMBANI

Breki, klachi na jwenti za zamani nyingi zilitengenezwa kwa amyanti (asbesto). Vumbi lake linakaa mapafuni, na ugonjwa unaweza kuonekana baada ya miaka 20, 30 au 40. Usipulize breki kwa kompresa. Ilowanishe kwa maji, uifute kwa kitambaa chenye maji, ukitupe kitambaa hicho ndani ya mfuko uliofungwa. Jwenti ya kale usiikwangue ikiwa kavu.

Katika nchi nyingi wamepatikana akina mama walioumwa ugonjwa wa amyanti bila kuingia kiwandani hata siku moja. Kazi yao ilikuwa kufua nguo za waume zao. Baba, salopeti yako ibaki kazini, na ioshwe peke yake. Oga kabla ya kumbeba mtoto.

Mafuta ya motere yaliyotumika si dawa ya kidonda wala ya ngozi. Usiweke kitambaa chenye mafuta mfukoni; kinagusa paja lako siku nzima, na mafuta hayo yanaleta kansa ya ngozi. Maji ya rangi ya radiatere ni matamu na ni sumu, kwa hiyo usiyatie katika chupa ya limonadi ambayo mtoto anaweza kuikuta. Bidoni iliyobeba asidi ya batri haibebi tena maji ya kunywa. Na mafuta machafu yasimwagwe Ziwa Kivu, maana ndilo tunaloteka na ndilo tunalovulia sambaza.

KABLA YA KUWASHA MASHINE

Kila asubuhi shefu wa atelie na watu wake wachukue dakika kumi. Feni ya shimo inazunguka? Mnyororo wa palani ni mzima? Miwani iko machoni? Sakafu haina mafuta? Kizima-moto kiko mahali pake na kimejaa? Vyombo vya kupimia viko katika masanduku yao? Kama jibu moja ni "hapana", kazi hiyo ingoje.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Motere iliyopasuka, kompani inaweza kuiagiza nyingine. Jicho, mkono na pumzi haviuzwi katika duka lolote la vipuri. Fundi, jioni nyumbani wanakungoja wewe mzima.